Harusi Iliyoliliwa Mlimani

Shangazi yangu alikuwa mpiga ngoma wa harusi, na mtaa wetu wote pale Arua, kaskazini mwa Uganda, ulimjua kwa mkono wake na kwa mdomo wake. Harusi yetu sisi Wanubi isiyo na mkono ule ilionekana haijakamilika, na yenye mdomo ule haikukosa ugomvi. Alikuwa dada mkubwa wa baba, mjane asiye na mtoto, na ngoma yake aliitunza kuliko alivyotutunza sisi watoto wa kaka yake. Sisi tulilala mkekani. Ngoma ililala kitandani, imefunikwa shuka. Nasema bila kinyongo, ingawa kidogo bado kipo.

Kwa hiyo dada yangu alipopata mchumba, shangazi alijua papo hapo kwamba yeye ndiye atakayepiga. Kilichomkera ni kusikia kwamba harusi ingefanyika juu ya mlima.

Mchumba alikuwa Mkakwa, dereva wa lori la jeshi, mtu wa maneno machache na meno mazuri. Kwao ni upande wa Lobule, kwenye mlima unaotazama Kongo, karibu kabisa na kilele. Alilelewa huko na bibi yake, na bibi huyo miguu ilikuwa imevimba, hakuwa ameteremka kwa miaka mingi. Kijana alikuwa amemwahidi kwamba nikaha yake ataiona kwa macho yake mwenyewe. Kwetu nikaha husomwa nyumbani kwa bibi harusi, lakini baba, aliyekuwa askari mstaafu na mtoto wa askari, alisema heshima yake haitapungua kwa kupanda mlima kumfuata mzee. Shangazi akajibu kwamba kumfikishia mwanamume mke mpaka mlangoni kabla ya nikaha ni kumpeleka kama gunia la simsim. Baba, ambaye hakuwahi kubishana na dada yake, akapanga siku.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya serikali ya wanajeshi. Kuolewa na mtu wa jeshi kulikuwa fahari kwa watu wetu, na wakati huohuo kulikuwa kuishi na sikio moja kwenye redio na lingine mlangoni. Wiki ya harusi mchumba hakutokea. Tulisikia kuna mapigano huko kusini mpakani na malori yote yamepelekwa huko. Hakuna aliyeleta salamu zake. Chakula kilikuwa kimeshaandaliwa, mikate ya gurusa imepangwa chini ya vifuniko vya ukindu, na dada alikuwa amekwisha kufukizwa na kupakwa dilka, ule mpako wa manukato ambao ukishaingia mwilini hautoki upesi. Maalimu alisema si tatizo, bwana harusi anaweza kuwakilishwa, mdogo wake atasimama kama wakili wake.

Ni halali, na halikuwa jambo geni kwa familia za askari. Lakini kila mmoja wetu alikuwa na swali ambalo hakulitoa mdomoni. Yuko hai? Kama alikuwa amekwisha kufa huko, basi hakuna nikaha ya kusomwa, na dada yangu angekuwa ameozwa kwa kivuli. Baba alimwuliza kama angependa tungoje. Alitikisa kichwa tu, kukataa.

Tulipanda lori la tumbaku hadi Koboko, tukalala kwa jamaa, na asubuhi tukashika njia ya miguu. Tulikuwa baba, maalimu, shangazi, mama na wadogo zake wawili, mimi, na bibi harusi mwenyewe chini ya shuka zito jekundu. Mimi ndiye niliyemshika mkono. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na kazi yangu ilikuwa kumwambia penye jiwe na penye shimo, kwa sababu chini ya shuka aliona vidole vya miguu yake tu.

Chini ya mlima, mdogo wake bwana harusi alikuwa anatungoja. Alikuwa kijana mwenye aibu, aliyesilimu juzijuzi, na kofia yake bado ilikuwa na mkunjo wa dukani. Alisalimia wote kwa adabu, akambusu baba mkono, kisha macho yake yakatua kwenye kichwa cha shangazi, kwenye ngoma aliyojitwika. Alisita sana kabla ya kusema.

"Mama, ngoma hii bakisha huku chini. Huku juu si mzuri."

Shangazi alimtazama kuanzia kofia hadi viatu. Maneno hayo alikuwa ameyasikia maisha yake yote, kutoka kwa kila kijana aliyetoka kusoma chuoni na kurudi Arua kuwafundisha watu wazima kwamba ngoma ni haramu. Alijua kuyajibu kabla hayajamalizika.

"Bila ngoma hii si harusi," alisema. "Iko matanga."

Kijana akageuka kutuongoza njia. Kubishana na mkwe, tena mwanamke wa umri ule, kulikuwa nje ya uwezo wake. Maalimu alitabasamu kidogo, akidhani amepata mwenzake. Sote tulielewa vibaya kwa namna moja, kwa sababu sisi ni watu wa mjini na kwetu ugomvi wa ngoma ni mmoja tu. Tukaanza kupanda.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku na ukungu ulikuwa umekaa kwenye kiuno cha mlima. Tuliingia ndani yake na sauti zetu zikapungua. Nilisikia pumzi ya dada chini ya shuka na harufu ya dilka ikizidi kadiri alivyotoka jasho. Kwenye vishamba vya muhogo wanawake waliacha majembe na kusimama. Nilizoea kwamba bibi harusi akipita watu humtazama yeye, hujaribu kukisia umbo, hucheka. Wale hawakumtazama yeye. Walitazama kichwa cha shangazi, wakaigeuza miili yao taratibu kadiri ngoma ilivyopita. Mzee mmoja alivua kofia na kuibana kifuani. Nilimsalimia, hakuitikia. Nilimwambia dada, "Watu wa huku wana adabu," ili nisikie sauti yangu mwenyewe.

"Mbona hawacheki?" aliuliza. Alikuwa amesikia kimya hata chini ya shuka.

Nyumbani kwa wakwe palikuwa juu ya ukungu. Ilikuwa ajabu kutoka mle na kukuta jua, uwanja uliofagiwa, nyumba za nyasi, na mwamba mkubwa nyuma yake, na chini yetu pote weupe mtupu, dunia haipo. Kwenye mwamba pimbi walikuwa wakiota jua. Bibi wa bwana harusi alikaa kwenye ngozi mlangoni, amegeukia njia. Walimletea dada, akaingiza mikono chini ya shuka na kupapasa mikono yake, kucha, viwiko, bila haraka. Kisha akatazama nyuma yetu, kule tulikotokea.

"Yeye iko nyuma?" aliuliza.

Baba alimweleza kwamba mjukuu wake yuko kazini, kwamba serikali haijamruhusu, na kwamba nikaha itasimama hata hivyo. Mdogo wake alitafsiri kwa Kikakwa. Bibi alisikiliza, akaitikia kwa heshima, na aliendelea kuitazama njia.

Tulikula, tukapumzika, na alasiri wanaume wakaenda kutawadha penye mtungi. Hapo ndipo shangazi alipofunua ngoma. Aliipasha ngozi kwenye moto, akaipima kwa kidole, akatuita wanawake wa upande wetu tusimame. Naukumbuka wazi ule mpigo wa kwanza. Kule Arua ngoma yake ilikuwa na sauti ya mtaani, inayoanzia uani na kuishia barabarani. Kule juu ilipiga mwamba, ikarudi, ikaenda chini ndani ya ukungu, na tuliisikia ikienda mbali, mbali sana, kuliko sauti ya kitu chochote nilichokuwa nimekisikia. Shangazi mwenyewe alishtuka, kisha akafurahi. Akakaza mkono.

Wakwe wetu hawakucheza. Mwanamke aliyekuwa akipakua mboga alibaki na upawa hewani. Yule mdogo wa bwana harusi alikuja mbio kutoka penye mtungi, miguu inachuruzika maji, mikono mbele, lakini alikuwa amechelewa. Bibi alikuwa amesimama. Mwanamke ambaye hakuwa amesimama bila kushikwa kwa miaka, alisimama peke yake, akatutazama mmoja mmoja, watu wa mjini tuliokuja bila mjukuu wake na tukiwa na ngoma, na nilimwona akielewa kitu ambacho hatukukisema. Aliweka mikono kichwani na kulia. Aliita jina la utotoni la mjukuu wake, akalirudia, na wanawake wa pale wakalidaka.

Shangazi aliacha kupiga. Kilio hakikuacha. Halafu, kutoka chini ndani ya ukungu, kikajibiwa.

Kwanza upande wa kulia, sauti moja nyembamba. Kisha kushoto, kisha chini kabisa, halafu pote. Hatukuona mtu. Tuliona weupe tu, na ndani yake watu wakilia na kupanda. Pimbi walianza kupiga kelele mwambani na kuingia mashimoni. Mama alinishika mkono ule ambao haukumshika dada, na sote tulisimama pale na nguo zetu za sherehe, tukingoja kitu kilichokuwa kinakuja. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na nilipowaona wakitokeza, wanaume wenye pinde na wanawake waliojipaka majivu, sikuona kwamba ni majirani. Niliona wafu wanakuja harusini.

Mzee wao, yule aliyevua kofia njiani, alimfuata baba moja kwa moja.

"Nani naleta habari?" aliuliza kwa Kiswahili.

"Hakuna habari, mzee," baba alisema. "Hakuna mutu amekufa. Ile iko ngoma ya harusi."

Mzee aliionyesha ngoma kwa kidole. "Huku juu ngoma iko ya kifo peke yake," alisema. "Sisi nasikia, sisi nakuja. Sasa mutoto huyu sisi nalia yeye kwisha."

Sikuelewa uzito wa neno lile "kwisha" siku hiyo. Wala baba. Yeye alidhani kazi ni kufafanua, na akafafanua, akaomba radhi, akamwomba maalimu naye aombe radhi. Walitusikiliza vizuri. Lakini walikaa chini uwanjani, namna watu wanavyokaa matangani, na bibi hakunyamaza. Waliendelea kulia, wengine kwa sauti, wengine taratibu, na kulia kunaambukiza. Mama alikuwa analia. Shangazi, ambaye sikuwa nimewahi kumwona akitoa chozi, aligeukia ukutani na mabega yakamtikisika. Mimi nilimlilia shemeji ambaye sikujua kama amekufa, nililia mpaka kamasi zikanitoka. Aliyebaki na macho makavu ni mmoja. Bibi harusi kwetu anatakiwa alie siku yake, na kama hawezi hufinywa. Dada yangu alikaa chini ya shuka lile, nimemkumbatia, na hakukuwa na hata kwikwi.

Jua lilikuwa linashuka. Maalimu alimwambia baba pembeni kwamba mtu hafi kwa ngoma, kwamba nikaha bado inaweza kusomwa, ila bibi harusi aulizwe upya, kwa sababu mambo yamebadilika. Baba akaja, akachuchumaa mbele ya shuka. Kwa desturi msichana akiulizwa hukaa kimya, na kimya chake ndiyo ridhaa. Baba aliuliza kwa Kinubi, lugha yetu ya nyumbani: twende zetu, au isomwe?

Dada alijibu kwa sauti, na alijibu kwa Kiswahili ili uwanja mzima umsikie.

"Baba, ambia maalimu asome. Mimi nakuja kwa mutu iko hai."

Shangazi alisema baadaye kwamba bibi harusi kusema ni mkosi. Nadhani alitafuta mkosi mwingine wa kufunikia ule wake wa ngoma. Nikaha ilisomwa katikati ya watu waliojipaka majivu. Mdogo wa bwana harusi alikubali kwa niaba ya kaka yake, na hakuna aliyepiga vigelegele. Kisha waombolezaji walikula wali wetu na gurusa zetu, kwa sababu aliyekuja kulia hawezi kurudi na njaa, na wakashuka na kuingia tena ndani ya ukungu.

Bwana harusi alirudi Arua mwisho wa mwezi, mzima, mweusi kwa jua, na sababu ya kuchelewa kwake ilikuwa gia ya lori iliyovunjika porini upande wa Masaka. Tulicheka mpaka tukaketi. Dada ndiye hakucheka. Alimshika tu shati mgongoni, kwenye ukosi, na hakuliachia mpaka chai ilipoletwa.

Kisha shemeji akaenda kumsalimu bibi yake, na sukari, sabuni na blanketi la jeshi. Aliporudi alitusimulia kama kichekesho. Bibi alimpapasa uso, akamwambia karibu. Watoto walikimbia. Chakula chake hakikuletwa uwanjani pamoja na cha wengine, bali kiliwekwa nyuma ya nyumba, penye yale mawe madogo wanapowekewa chakula wazee waliokwisha kufa. Alienda akala hukohuko, alikuwa na njaa. Shamba lake lilikuwa tayari limelimwa na mdogo wake, kama urithi. Wazee walimwambia iko dawa: achinje mbuzi, bibi amtemee maji kifuani na kusema kwamba kilio chake kilikosea njia, na mambo yataisha.

"Mimi si maiti," shemeji alisema, akionyesha meno. "Nitarudishwa kutoka wapi?"

Dada alimsihi. Namkumbuka akimsihi zaidi ya mara moja, jikoni, kwa sauti ya chini, na yeye akimwambia aache mambo ya washenzi. Alikuwa mtu mwema na mkaidi. Kiangazi kilichofuata bibi alifariki, na baada ya hapo hapakuwa na wa kukirudisha kilio, kwa sababu kilianzia mdomoni mwake.

Waliishi pamoja miaka sita hivi, wakapata mtoto wa kike. Shemeji alipokwenda kwao alipokewa kwa upole, na hakuna aliyemwita kwa jina. Shangazi aliificha ngoma uvunguni na akaacha kazi. Alisema mkono unauma. Siku moja nilimkuta ameiinamia uvunguni, anaisemesha kwa sauti ya chini, na sikutaka kusikia anaiambia nini.

Mwaka wa 1979 vita vilipofika kwetu kaskazini, kila nyumba Arua ilikuwa inafunga mizigo, wengine Kongo, wengine Sudan. Shemeji aliletwa nyumbani kwenye lori la wenzake, na risasi tumboni. Alikufa asubuhi, akiwa na akili zake, akiomba maji. Maalimu alikuwa amekwisha kukimbia, baba akamwosha na kumsalia mwenyewe. Watu walimshauri dada amzike hapohapo haraka na kuondoka. Alisema mume wake atalala kwao, juu, na akishafika huko hata wao itabidi wamwite kwa jina lake. Tulienda na lori lililokuwa linaelekea mpakani, na wenzake wawili walijitolea siku moja kutubebea machela.

Shangazi alipanda nasi, amezeeka, na ngoma kichwani. Safari hii hakuna aliyemwambia aiache. Hapakuwa na ukungu. Tuliona chini yetu nchi yote, moshi wa kila jiko, watu wadogo wakitembea kwenye vishamba vyao. Mdogo wa marehemu alitusaidia kuchimba, na tukamfukia kwa dua aliyoisoma baba.

Kisha shangazi akaipasha ngozi motoni, akaipima kwa kidole, na akapiga. Alipiga kwa nguvu zote zilizombaki, mpigo uleule, na ukaenda chini vilevile, mbali, mbali sana. Tulisimama tukitazama njia. Chini, mwanamke mmoja kwenye muhogo aliinua kichwa, akasikiliza, kisha akainama na kuendelea kupalilia. Shangazi alipiga mpaka mkono ukamwishia. Hakuna aliyepanda.

"Wao nasikia, mama," yule mdogo wa marehemu alimwambia, na machozi hayakuwemo machoni mwake pia, alikuwa anaona aibu kwa hilo. "Lakini huyu sisi nalilia yeye kitambo. Kilio yake ilikwisha."

Nilijaribu. Nilimpenda yule mtu, alikuwa amenifundisha kuendesha baiskeli, nikajaribu kulia na hakikuja kitu. Nilimtazama mama, nikamtazama shangazi, nikaona nao wanajaribu. Tulikuwa tumesimama juu ya kaburi bichi na nyuso kavu, na sikuwahi kujiogopa hivyo, wala sijajiogopa hivyo tena.

Ndipo dada yangu alipokaa chini kwenye udongo, akaweka mikono kichwani, akamwita mume wake kwa jina lake. Siku ile ya harusi yeye peke yake hakulia. Alilia mpaka jioni, na sisi tulikaa kumngoja.